Ambulensi Ni ya Nani?

Tuseme ni Jumamosi jioni. Wewe na rafiki yako mmetoka kutazama mechi huko Taru, kando ya barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi. Yeye ametangulia kwa bodaboda, wewe unafuata kwa nyingine. Lori linakuja na taa zote zimewaka, bodaboda ya mbele inakwepa na kutumbukia mtaroni. Unapofika, rafiki yako amelala chini, paja limevunjika na damu inatoka. Mwenye bodaboda anatetemeka tu, hawezi hata kusema. Watu wanakusanyika, kila mmoja ana simu mkononi, na swali ni moja: "Jamani, tumpigie nani?"

Swali hilo ni gumu kuliko linavyosikika. Hapo Taru mko katika kaunti ya Kwale. Mbele kidogo, Mariakani, ni Kilifi. Hospitali kuu ya rufaa ya Pwani iko kisiwani, nayo inaendeshwa na kaunti ya Mombasa. Barabara ambayo bodaboda imeangukia ni ya serikali kuu. Askari wa trafiki atakayekuja kupima alama za magurudumu ni wa serikali kuu pia. Kwa safari moja, ya mgonjwa mmoja, ya chini ya saa mbili, rafiki yako atapitia katika himaya ya kaunti tatu na serikali ya taifa. Damu inayomtoka haijui habari za mipaka. Dereva wa ambulensi anazijua vizuri sana, na mwenye funguo za mafuta anazijua zaidi.

Ndiyo maana mwezi huu tumeamua kuzungumzia jambo ambalo huenda likaonekana ni la wazee na mawakili: nani hasa ana mamlaka juu ya ambulensi nchini Kenya, gavana wako au Wizara ya Afya kule Nairobi? Usifungue ukurasa mwingine. Wanaopanda bodaboda usiku ni vijana. Wanaojifungua mara ya kwanza ni wasichana wa umri wako. Mzazi akivuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki katika muda wa saa mbili, hata kama alikuwa mzima kabisa asubuhi yake. Saa mbili si muda wa kutosha kwa ofisi mbili kubishana.

Zamani ilikuwaje?

Kabla ya 2013 hospitali nyingi za umma zilikuwa chini ya Wizara ya Afya. Kama hospitali ya wilaya ilikuwa na gari la wagonjwa, mganga mkuu wa wilaya ndiye aliyekuwa na usemi juu yake, na mara nyingi gari lenyewe lilikuwa lile lile la kupeleka chanjo, kubeba barua na kumrudisha daktari nyumbani. Miji mikubwa ilikuwa na magari machache ya baraza la mji. Pembeni walikuwapo St John Ambulance, Msalaba Mwekundu, na kampuni za watu binafsi kwa mwenye uwezo wa kulipa.

Wazazi wako watakuwa wanaikumbuka Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa katikati ya Nairobi. Zaidi ya watu 200 walikufa na maelfu wakajeruhiwa. Waliokuwapo watakueleza jinsi majeruhi walivyopelekwa hospitali: kwa matatu, kwa pikapu, kwa magari ya watu waliokuwa wakipita tu. Hakukuwa na namba moja ya simu ya kuita ambulensi zote, wala kituo kimoja cha kuziambia hii nenda huku, ile nenda kule. Wananchi walijitolea kwa moyo wote, na hilo ni la kusifiwa. Lakini mtu aliyevunjika uti wa mgongo akibebwa mikono na miguu kama gunia, moyo mwema hautarudisha ule uti.

Katiba ilisema nini?

Katiba iliyoanza kutumika tarehe 27 Agosti 2010 ilileta kaunti 47, na baada ya uchaguzi wa Machi 2013 kazi nyingi za afya zikahamishiwa huko. Ukiifungua Katiba mwisho mwisho utakuta Jedwali la Nne. Hapo ndipo kazi zimegawanywa: hizi za serikali kuu, hizi za kaunti. Kwenye orodha ya kaunti, chini ya afya, ambulensi zimetajwa kwa jina. Si kwa kukisia, si kwa "na mengineyo". Zimeandikwa. Ziko pamoja na vituo vya afya na maduka ya dawa ya kaunti, na mistari michache chini yake yako makaburi na uzoaji wa takataka. (Mpangilio huo ulinifanya nicheke kidogo, halafu nikaacha kucheka.)

Basi kesi imekwisha? Ambulensi ni ya gavana, twende zetu nyumbani? Hebu ngoja.

Kwenye orodha ya serikali kuu kuna mambo mawili ya afya: sera ya afya na hospitali za rufaa za taifa. Sera maana yake nini? Hapo ndipo wasomi wanapopandishiana sauti. Wa upande wa kaunti wanasema: "Huduma ni yetu, na mwenye huduma ndiye anayeweka kanuni zake." Wa upande wa taifa wanajibu: "Kuendesha gari ni kwenu, lakini kuamua ambulensi ni kitu gani, iwe na vifaa gani na nani aruhusiwe kumshika mgonjwa ndani yake, hiyo ni sera. Ni yetu."

Kuna kitu kidogo katika jedwali hilo ambacho watu wengi hukipita. Katika orodha hiyo hiyo ya kaunti wametajwa matabibu wa mifugo. Katiba inasema huduma za mifugo ni za kaunti, isipokuwa kazi ya kusimamia taaluma yenyewe. Yaani kaunti inaweza kumwajiri daktari wa ng'ombe, lakini haiwezi kuamua nani anastahili kuitwa daktari wa ng'ombe. Wamelieleza wazi. Kwa ambulensi hawakueleza lolote. Wameandika "huduma za ambulensi" wakaweka nukta. Ng'ombe wana maelezo zaidi kuliko majeruhi.

Kunyamaza huko kunaweza kusomwa kwa njia mbili. Unaweza kusema: kwa kuwa hawakuondoa usimamizi, basi waliuacha kwa kaunti. Na unaweza kusema: hawakuona haja, kwa sababu sera ya afya tayari iko kwa taifa. Mimi nikisoma kifungu cha 191 naegemea upande wa pili. Kifungu hicho kinahusu sheria ya taifa na sheria ya kaunti zinapogongana. Kinasema sheria ya taifa itatangulia ikiwa, pamoja na mengine, jambo lenyewe linahitaji kufanana nchi nzima na sheria hiyo inaweka viwango. Sasa niambie, kuna jambo linalohitaji kufanana zaidi ya gari linalovuka mipaka ya kaunti likiwa na mtu anayekufa ndani?

Lakini kuwa na ruhusa ya kuweka viwango ni jambo moja. Kuviweka na kuvisimamia ni jingine.

Gari lenye king'ora

Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo penye uhai na kifo.

Chukua gari dogo la abiria. Toa viti vya nyuma, tia godoro, paka rangi nyeupe na mstari mwekundu, funga king'ora juu. Je, hiyo ni ambulensi? Kwa macho ya barabarani, ndiyo. Magari yatalipisha. Lakini rafiki yako wa Taru akiwekwa humo, hakuna oksijeni, hakuna mashine ya kupima presha, hakuna maji ya mshipani, hakuna vibao vya kufungia mguu uliovunjika, hakuna mtu wa kukaa naye nyuma isipokuwa wewe mwenyewe unayelia. Hiyo ni teksi yenye kelele.

Ambulensi ya kweli huanza na mtu kabla ya gari. Mhudumu wa dharura aliyefundishwa anajua kuzuia damu, kufungua njia ya hewa, kumfunga mgonjwa shingo kabla ya kumwinua, na kuipigia simu hospitali wajiandae. Anaanza kutibu pale pale mtaroni. Tofauti kati ya mtu huyo na dereva peke yake ni kubwa kuliko tofauti kati ya gari jipya na gari la zamani.

Shirika la viwango, KEBS, lina kiwango chake cha ambulensi za barabarani. Ni jambo jema. Tatizo ni kwamba kiwango cha kwenye karatasi hakitembei barabarani kufungua milango ya nyuma. Nani akague? Afisa wa kaunti akague magari ya gavana wake mwenyewe? Akiona mtungi wa oksijeni ni mtupu atamwandikia nani barua? Na afisa wa Wizara akitoka Nairobi kuja kukagua, kaunti itamwuliza kwa upole, au bila upole: "Wewe umetumwa na nani kwenye kazi yetu?"

Upande wa watu ni vile vile. Manesi wana sheria yao na baraza lao kwa miaka mingi. Matabibu wana yao. Wahudumu wa ambulensi walifanya kazi miaka mingi bila sheria yao wenyewe inayosema huyu amehitimu, huyu hajahitimu, huyu amekosea asimguse mgonjwa tena. Ndipo ukaona kaunti moja ikitafuta wahudumu waliosomea dharura, na nyingine ikimtoa nesi wodini usiku, yule yule aliyekuwa peke yake na wagonjwa wengi, apande gari aende na mama mjamzito. Akienda, wodi inabaki na nani? Utajibu mwenyewe.

Baada ya 2013 kila kaunti ilifuata njia yake. Zipo zilizonunua magari. Zipo zilizokodi kutoka E-Plus, kampuni ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, zikapata gari pamoja na wahudumu. Kila moja na rangi yake, namba yake ya simu, na wakati mwingine picha ya kiongozi mlangoni, kana kwamba mgonjwa atapona haraka akiona uso wa mheshimiwa.

Wabunge nao hawakutaka kubaki nyuma. Wengine walikuwa wamezoea kununulia watu wao ambulensi. Lakini mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, kwa sheria yake ya 2015, ni wa kazi za serikali kuu, na ambulensi zimeandikwa kwa kaunti. Kwa hiyo mbunge akikuahidi ambulensi kwa pesa za mfuko huo, muulize kwa heshima: "Mheshimiwa, nani ataweka mafuta? Nani atamlipa mhudumu?" Gari kununuliwa ni siku moja, na siku hiyo kuna ngoma na wapiga picha. Mafuta ni kila siku, na hakuna ngoma.

Mafuta hayo yenyewe

Kaunti hupata sehemu kubwa ya pesa zake kutoka hazina ya taifa. Pesa zikichelewa, na magavana wamelalamika mara nyingi kwamba huchelewa, kituo cha petroli kinakataa kudai tena. Ambulensi inalala uani. Ukimuuliza afisa wa kaunti atasema: "Nairobi haijatuma." Ukiuliza Nairobi utaambiwa: "Kaunti ilipewa, haikupanga vizuri." Wakati mwingine wote wawili wanasema kweli.

Mchezo huo wa kurushiana mpira tuliuona waziwazi kwenye mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 ukaisha Machi 2017, siku 100. Madaktari walikuwa wametia saini mkataba na Wizara mwaka 2013, kisha kaunti zikawa ndizo waajiri. Nani atimize ahadi? Kila upande ulimtazama mwenzake. Katiba yenyewe inasema serikali hizi ni tofauti lakini zinategemeana. Katika siku 100 hizo tuliona zaidi lile neno la kwanza.

Nairobi walijaribu njia nyingine kabisa. Tarehe 25 Februari 2020 gavana wa wakati huo, Mike Sonko, alitia saini makubaliano ya kuikabidhi serikali kuu kazi nne za kaunti, afya ikiwamo. Kikaundwa chombo kilichoitwa NMS chini ya Meja Jenerali Mohamed Badi. Mpaka 2022, kazi zilipoanza kurudishwa kwa kaunti, huduma za afya za jiji, ambulensi zikiwamo, zilikuwa zimerudi mikononi mwa taifa. Wengine walisema mambo yalinyooka, wengine wakasema ugatuzi umeibwa mchana. Ninachotaka uone ni hiki: mwananchi wa Mathare aliyepiga simu usiku ule wa kuamkia mabadiliko hakuhitaji kujua ni nani aliyetia saini wapi. Alihitaji mtu apokee simu.

Masaa 18

Oktoba 2015 mtu mmoja aligongwa na gari karibu na Nairobi. Ambulensi ilipatikana, ikafika, ikambeba. Mhudumu alifanya kazi yake. Kisha wakaanza kuzunguka kutafuta kitanda cha wagonjwa mahututi. Hapa hakuna nafasi, pale wanataka pesa kwanza, kwingine subirini. Masaa 18 alikaa ndani ya ambulensi. Alipopokelewa hatimaye, alifariki. Nchi nzima iliona picha zile.

Mwaka ule Katiba ilikuwa tayari na kifungu cha 43, kinachosema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Hakikusema atanyimwa na kaunti au na taifa au na hospitali ya mtu binafsi. Kimesema hatanyimwa. Lakini hospitali kubwa ya rufaa ilikuwa ya taifa, nyingine za jirani za kaunti, nyingine za watu binafsi, na hapakuwa na mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema: kitanda kiko pale, nendeni, na mlango ufunguliwe.

Sheria ya Afya ya 2017 ilikaza kamba. Inaeleza kuwa matibabu ya dharura yanaanzia kabla ya kufika hospitali, kwamba mgonjwa atulizwe hali yake kwanza, na kama kituo hakina uwezo kipange apelekwe penye uwezo. Taasisi ya matibabu yenye uwezo ikikataa kumhudumia mgonjwa wa dharura, imetenda kosa, na faini yake inaweza kufika shilingi milioni 3. Shika namba hiyo kichwani. Siku ukiambiwa "leteni pesa kwanza" na mtu anavuja damu, unayo haki ya kuitaja, kwa sauti ya heshima lakini inayosikika.

Halafu ikaja sheria ya bima ya afya ya jamii ya 2023, iliyoanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024 mahali pa NHIF. Ndani yake kuna mfuko maalumu wa dharura, maradhi ya kudumu na mahututi. Huo ni mkono wa taifa unaoingia tena kwenye ambulensi, safari hii kwa njia ya mfuko wa pesa. Na anayelipa ana nguvu: akisema "silipi gari lisilo na oksijeni na mhudumu", magari yatapata oksijeni na mhudumu upesi kuliko kwa mahubiri. Lakini mfuko ukichelewa kulipa, yule mwenye gari atafanya nini usiku wa Jumamosi? Ndiyo maana mfuko huo unafaa kutazamwa kwa karibu.

Jirani zetu

Tanzania walikwenda kwa mtindo mwingine katika jambo moja, la kina mama wajawazito na watoto wachanga. Mpango unaitwa m-mama. Ulianza katika maeneo machache, na mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akauzindua uenee nchi nzima. Mtu anapiga 115 bila malipo, simu inafika kituo cha mkoa, na aliyeko kituoni anatafuta gari. Kama ambulensi iko mbali, anaitwa dereva wa kijijini aliyesajiliwa mapema, mwenye gari lake la kawaida, naye analipwa baada ya kumfikisha mama. Ona walivyogawana: namba na kanuni ni za nchi nzima, uamuzi wa gari lipi liende unafanywa mkoani, na anayeendesha ni mtu wa hapo hapo anayeijua njia ya mto unapofurika.

Huo si mpango wa kila dharura, na rafiki yetu wa Taru asingefaidika nao. Lakini unajibu swali letu kwa namna ninayoipenda. Kwa maoni yangu, Wizara isitamani kuendesha ambulensi ya Kinango kutoka Afya House. Haitajua barabara ipi imekatika. Na kaunti isitamani kuwa na kiwango chake cha oksijeni. Mapafu ya mtu wa Kwale ni sawa na ya mtu wa Kilifi. Namba ya simu, vifaa, ujuzi wa mhudumu, na kanuni ya kuvuka mpaka bila kuuliza: hayo yawe ya nchi nzima na yakaguliwe na mtu asiyeajiriwa na mwenye gari. Mengine yote yabaki nyumbani.

Kuna wanaoogopa kwamba taifa likipewa kidole litachukua mkono mzima, kama ilivyokuwa zamani. Hofu hiyo si ya bure. Waliongoja dawa kutoka Nairobi miaka ile wanajua wanachosema.

Sasa wewe ufanye nini?

Ujana usikufanye udhani huna pa kusemea. Serikali ya kaunti hupeleka makadirio ya bajeti kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, na mwaka wa pesa huanza tarehe 1 Julai. Katikati ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Mara nyingi wanaokwenda ni wazee watatu na vijana wawili waliosikia kuna soda. Nenda. Usiulize "mbona hatuna ambulensi?" kwa sababu utajibiwa "tunazo sita". Uliza: Ngapi zinatembea leo? Zina mafuta ya miezi mingapi? Nyuma anakaa nani, na amesomea nini? Je, mmekubaliana na kaunti jirani zivuke?

Ukikosa jibu, andika. Sheria ya kupata habari ya 2016 inakuruhusu kuomba taarifa kwa ofisi ya umma kwa maandishi, kwa Kiswahili au Kiingereza. Wanatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Kama habari yenyewe inahusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Wakikataa, unaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Vijana wa kikundi chenu cha mpira au cha maigizo mkiandika barua moja na kutia sahihi nyote, itasomwa haraka kuliko ya mtu mmoja.

Na kabla ya hayo yote, leo hii, kabla hujalala: tafuta namba ya ambulensi ya kaunti yako na ya kaunti iliyo jirani. Ulizia zahanati ya kwenu, wanazo. Ziweke kwenye simu, na uziandike kwenye karatasi ukutani, maana simu huzimika. Namba 1199 ni ya Msalaba Mwekundu, na 999 au 112 ni za polisi.

Ukipiga, usipige kelele ukakata. Sema mahali kwanza, kabla hata ya kusema kilichotokea, ili simu ikikatika wajue pa kuja: "Taru, barabara kuu, upande wa kwenda Mombasa, karibu na kituo cha petroli." Kisha idadi ya walioumia, kama wanaongea, kama wanapumua, kama damu inatoka. Uliza gari linatoka wapi na litachukua muda gani. Mtume mtu mmoja asimame barabarani na tochi.

Wewe rudi kwa rafiki yako. Chukua kitambaa safi, hata fulana yako, ukandamize pale damu inapotoka, kwa nguvu, bila kuinua kila dakika kuchungulia. Damu ikipenya, ongeza kitambaa juu, usitoe cha kwanza. Usimvute mguu kuunyoosha. Usimwinue akae. Usimpe maji wala soda, hata akiomba. Mfunike asipate baridi, na uendelee kumwita kwa jina lake mpaka utakapokiona kimulimuli kikitokea, kiwe kinatoka Samburu au Mariakani.